Kompyuta Iliyogoma Goma

Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini Goma, umeme ulikatika, maji yakakatika, na intaneti ikatoweka. Mimi na watoto tulitoka wazima, namshukuru Mungu. Yaliyowapata wengine sina kinywa cha kuyasimulia. Ninachoshuhudia hapa ni jambo dogo, la kompyuta moja ya mezani, ila hiyo ndiyo iliyokuwa jembe letu. Ninachapa na kutoa fotokopi mtaani Birere. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kazi za wanafunzi za kumalizia masomo, barua za wachuuzi, orodha za likelemba, yaani michango yetu ya kupeana kwa zamu.

Umeme uliporudi ulikuja kwa kusuasua: unawaka, unazima, unawaka tena. Safari moja ulizima kompyuta ikiwa kazini. Kuiwasha, kioo kikawa buluu: faili la mfumo halipo au limeharibika, \Windows\System32\config\system, namba ya kosa 0xc000014c.

Faili hilo ni sehemu ya rejista, daftari ambamo Windows huandika ianzishe huduma zipi na iendeshe vifaa gani. Linaandikwa tena na tena mashini ikiwa inafanya kazi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, linaweza kubaki nusu jipya nusu la zamani, halisomeki. Nyaraka za wateja hukaa kwingine kwenye diski, na mara nyingi ziko salama kabisa nyuma ya kile kioo cha buluu.

"Mama, tuifomati tu, leo leo inaisha," alisema kijana fundi wa jirani. Ingeisha kweli, pamoja na jasho la watoto wa watu. Kufomati kunapendwa kwa sababu ni haraka, na fundi hulipwa hata mteja akibaki analia.

"Hapana, mtoto wangu. Kwanza tutoe vitu vya watu."

Hakubisha. Alikuwa na kle, yaani flashi ya USB, yenye Windows 10 ya kusakinisha. Tukavuta waya kwa jirani mwenye grupu, yaani jenereta, tukachangia mafuta. Akawasha kompyuta kupitia kle, akabonyeza Shift na F10, dirisha jeusi likafunguka, akaandika: notepad. Notepad hiyo hiyo ya kuandikia! Akaenda mahali pa kufungua faili, akachagua aina zote, na diski nzima ikajianika mbele yetu. Iliyokuwa C sasa inaitwa D, lakini folda zangu zote zilikuwepo, kwa majina niliyozipa mwenyewe. Tukazinakili moja moja kwenye kle nyingine, nikizitaja kwa sauti kama mwalimu anayeita wanafunzi.

Ndipo tukageukia ugonjwa wenyewe. Kijana alijua njia ya zamani, kuchukua nakala ya akiba ya rejista katika folda ya RegBack. Majina yalikuwemo yote, SYSTEM, SOFTWARE, SAM, na kila moja baiti 0. Tangu toleo la 1803 la mwaka 2018, Windows 10 haijazi tena folda hiyo. Microsoft iliamua hivyo ili kupunguza nafasi ya diski inayoliwa na mfumo. Na intaneti haikuwepo tuulize mtu.

Akaikagua diski kwa amri ya chkdsk, kisha akatafuta mahali pa kuurudisha mfumo nyuma. Tukakuta hali moja iliyohifadhiwa kabla ya Noeli, Windows ilipojisasisha. Kurudi huko hubadilisha rejista na faili za mfumo, hakugusi nyaraka. Kazi hiyo haikatizwi katikati, basi sikio langu lote lilikuwa kwa grupu. Lingekohoa tu, tumekwisha.

Windows ikafunguka. Kijana akaandika sfc /scannow, amri inayolinganisha faili za mfumo na nakala safi ambazo Windows hujiwekea. Ikajibu kwamba imekuta zilizoharibika na kuzitengeneza. Ingeshindwa, ingebidi amri nyingine, DISM, ambayo kwa kawaida huchota faili kwenye intaneti. Sisi tungeielekeza kwenye kle. Mwishowe akaingia ndani ya rejista, akaweka EnablePeriodicBackup kuwa 1, ili RegBack ianze kujaa tena.

Benki zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo wanafunzi walilipa nusu, wengine kwa ahadi. Nilichapa. Siku hizi kompyuta inatumia betri ya paneli ya jua, na kle yenye kazi za wateja hailali dukani. Jioni naondoka nayo nyumbani.