Mkono Wangu Haukuwa Umezeeka

Gitaa nilikuwa nimeshalifuta vumbi na kulipiga picha tatu za kuwatumia wanunuzi. Miaka 19 nimepiga solo kwenye bendi za dansi hapa Morogoro, na sasa, peke yangu chumbani na kompyuta, nilikuwa nimeshindwa kukaa kwenye mapigo.

Kila jioni nilichomeka gitaa kwenye kadi ya sauti, nikavaa hedifoni, nikafungua REAPER, programu ya kurekodi, nikabonyeza kitufe chekundu cha kuiandaa treki, kisha kile cha kujisikiliza. Gitaa lilisikika, tena tamu, maana programu iliiga mlio wa amplifaya ninayoipenda. Lakini kidole kikigusa waya, sauti ilikuja nyuma yake. Ni kidogo tu, kiasi kwamba sikujua kuwa inachelewa. Nilihisi uzito, kama mtu anayetembea kwenye tope. Bila kujijua nikaanza kuyawahi mapigo, ili ninachokisikia kilingane na kliki ya kuhesabia mapigo. Programu nayo hufidia kuchelewa kwake inapoiweka rekodi kwenye treki. Kwa hiyo nikirudia kusikiliza, gitaa langu linaitangulia ngoma. Nikajilazimisha kusubiri, mambo yakaharibika zaidi.

Nilimtumia rafiki yangu mpiga dramu vipande vinne. Akanijibu kwa upole, "Kaka, unakimbia. Pumzika kwanza." Huyu tumesimama naye jukwaani mpaka alfajiri, harusi kwa harusi, na hajawahi kunidanganya. Nina miaka 54. Nikasema basi, mkono umezeeka. Miezi saba nimeishi na neno hilo.

Mpwa wangu alikuja likizo. Asubuhi moja alinikuta ukumbini napiga gitaa kavu, sijachomeka kitu, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza.

"Mjomba, mbona hapa hukosei?"

Sikuwa na jibu. Tukaingia chumbani, akanivalisha hedifoni, kisha akaniambia nitoe sikio moja nje na nipige waya mmoja tu. Nikapiga. Sikio lililo wazi likasikia mgongano wa ukucha na chuma, halafu, baadaye, sikio lililofunikwa likasikia noti. Nikapiga tena. Na tena. Machozi yakanilengalenga, wala sioni aibu kulisema.

Alinieleza kwa mfano wa ndoo. Kompyuta haiachi sauti ipite moja kwa moja kama maji ya bomba. Inaipima mara 44,100 kwa sekunde, na vipimo hivyo, sampuli, inavikinga kwenye ndoo iitwayo bafa. Ndoo ikijaa ndipo inabebwa. Ndoo yangu ilikuwa ya sampuli 1024, yaani kama milisekunde 23. Tena ndoo ni mbili, ya kuingilia na ya kutokea, hivyo jumla ni milisekunde 46 hata kabla ya ucheleweshaji mwingine mdogomdogo. Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde. Mpwa akatoka uani akahesabu hatua 16 kubwa kutoka kwenye kiti changu. Akaishia chini ya mwembe wa jirani. "Spika yako ilikuwa hapa, Mjomba," akaniita kutoka kule.

Nani anapiga solo spika yake ikiwa chini ya mwembe wa jirani? Nikawakumbuka wakubwa wetu waliorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ndani ya chumba kimoja, magitaa yakijibizana kwa hewa tu. Ule ufumaji wa solo na rizimu unategemea kusikia jibu la mwenzako papo hapo.

Dawa yenyewe haikuchukua nusu saa. Tuliweka draiva ya ASIO, mfumo ulioletwa na Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997, ambao unaikwepa foleni ya sauti ya Windows. Bafa tukaishusha hadi 128, takriban milisekunde 3 kwa ndoo. Kompyuta ikaanza kukwaruza, imelemewa. Tukazima mwangwi mzito niliokuwa nimeupachika kwenye kila treki, ikatulia. Kwenye kadi ya sauti kuna pia swichi inayopeleka gitaa hedifoni bila kupitia kompyuta kabisa. Hapo mlio ni mkavu, hauna ladha ya amplifaya, lakini haukawii hata kidogo. Kwa rizimu ndiyo ninayoitumia, ila nazima kwanza kujisikiliza kupitia programu, la sivyo kila noti inakuja mara mbili.

Kinachoniuma si miezi yangu saba. Mimi nilikuwa na jukwaa la kukumbuka. Nawawaza vijana wanaoanzia chumbani, ambao hawajawahi kusimama mbele ya amplifaya hata siku moja. Mashine ikiwachelewesha, wataamini hawana kipaji, na hakuna wa kuwaambia watoe sikio moja nje.

Ukutani nimebandika karatasi: 128 kurekodi, 1024 kuchanganya, maana wakati wa kuchanganya sipigi. Zile picha tatu nimezifuta. Jumamosi iliyopita yule mpiga dramu alikuja. Sikumweleza chochote, nilimpa hedifoni, nikampigia dakika nne bila kusimama. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu, pale pale palipotakiwa kuwa na besi dramu.