Mpaka Deki Isome

Fundi wa video hapa Same hajipangii msimu. Anapangiwa na Wapare wanaorudi nyumbani. Desemba mabasi ya Dar es Salaam yakishaanza kuwashusha stendi na mabegi yao, kila ukoo unakuwa na jambo: harusi Gonja, sendofu Hedaru, ubarikio Vudee, shukrani ya marehemu Mbaga. Kwaresima ikiingia ndoa za kanisani husimama na sisi tunapumua. Kwa hiyo mwenye akili hubadilisha programu ya kuhariri wakati wa Kwaresima. Mimi nilibadilisha Novemba, kwa kuwa kompyuta ya zamani ilikufa Novemba, na hiyo mpya ikaikataa kabisa programu niliyoizoea.

Enzi hizo tulipiga kwa kamera za kanda ndogo za MiniDV, kanda moja dakika 60. Ukiiingiza kwenye kompyuta kwa waya wa FireWire, saa moja inakula gigabaiti 13 hivi. Programu yangu ya awali ilikuwa ya watu wasio na makuu. Unakata, unapanga, unaandika majina ya maharusi, unabonyeza kitufe cha diski, unakwenda zako kula makande. Ukirudi, DVD imetoka. Haikuwa na maswali. Hii mpya, ambayo wenzangu wa Moshi na Arusha waliisifia kwamba ndiyo ya mafundi wakubwa, iliuliza kila kitu: fremu ngapi kwa sekunde, umbo gani, mstari upi uanze, sauti ya aina gani, kasi gani ya data. Na kila swali lilikuwa na jibu lililokwisha kujazwa na mtu wa Marekani ambaye Same hajawahi kuisikia.

La kwanza lilikuwa kazi zilizokuwa nusu njia. Watu wengi hudhani faili la mradi ndilo video yenyewe. Silo. Ni maagizo tu: chukua kipande hiki, kata hapa, weka jina lile. Programu nyingine haiyasomi maagizo hayo hata ukiibembeleza. Nikaazima kompyuta ya kijana mmoja aliyekuwa bado na ile programu ya zamani, nikafungua humo, nikatoa kila harusi kama mkanda mmoja mrefu wa AVI, kisha nikauhamishia kwangu. Hapo nikakutana na kizuizi kingine: diski ya nje iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, hata kama ina nafasi tele. Unaambiwa imejaa, na wewe unaiona tupu. Dawa ni kuipanga upya kwa NTFS, ila uhamishe vilivyomo kwanza, maana kupanga upya kunafuta vyote.

Majina nayo yalikuwa yamevurugika. Zile herufi za maua nilizozitegemea zilikuja pamoja na programu ya zamani. Ilipoondoka, ziliondoka nayo. Nikatafuta nyingine, nzuri kwa kuangalia, lakini zilitengenezwa na watu wasiojua kwamba kuna lugha zinazoandika ng'. Nilipoandika "Ng'ombe na mbuzi wa mahari" ile alama ya juu ikatokea kijisanduku cheupe. Tangu hapo herufi yoyote mpya naijaribu kwa neno ng'ombe kabla sijaipa kazi.

Ila kilichonifundisha zaidi ni mama mmoja wa Mamba Miamba, mkulima wa tangawizi, aliyeteremka mlimani na DVD ya harusi ya mwanawe ameifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimewaletea wambo wenu."

Sikumwelewa. Akakaa, akakohoa kidogo, akanieleza kama mtu anayetoa ushahidi barazani. "Sisi ni Mbwambo. Kwenye video yako tumekuwa wambo. Na wakwe zetu ni Mchome, umewaita chome. Sasa watu wanauliza, mwanao ameoa mtu au ameoa kata ya Chome?"

Nikaiweka diski kwenye kompyuta. Majina yalikuwa kamili, M imesimama pale pale nilipoiweka. Mama akasogea akaitazama.

"Hapa ipo," akasema. "Basi tuhamie wote hapa dukani kwako tuwe tunaiangalia."

Wapare tunasemwa kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili kushinda kesi ya kuku. Yaache maneno ya watu. Mama yule alikuwa na kesi ya haki, na mshitakiwa alikuwa umbo la picha. Programu mpya ilifungua kila mradi kwa skrini pana, 16 kwa 9. TV za chogo, ambazo ndizo zilizokuwa zimejaa milimani, ni 4 kwa 3. Deki ikikutana na picha pana kwenye TV ya namna hiyo ina njia mbili: iweke mistari myeusi juu na chini, au ikate pande. Deki ya mama ilikata. Juu ya hayo, TV ya chogo yenyewe huficha kingo za picha nyuma ya fremu yake ya plastiki. Programu ya zamani ilikuwa inachora mstari wa mpaka wa maandishi bila kuombwa. Mpya inao vile vile, lakini umefichwa mpaka uuwashe.

Kwa hiyo mradi nikaufungua kwa umbo la kanda yenyewe, na maandishi nikayarudisha ndani, nikiacha sehemu moja ya kumi kila upande. Fremu yetu ya DVD ni pikseli 720 kwa 576, basi unaacha 72 kushoto, 72 kulia, na kama 58 juu na chini. Herufi nyembamba pia nikaziacha, kwa sababu picha ya TV hizo huchorwa kwa mistari inayopishana, nusu ya kwanza halafu nusu ya pili. Mkia wa herufi wenye unene wa mstari mmoja unaonekana katika nusu moja tu, na matokeo yake jina zima linatetemeka. Herufi nene, nyeupe au ya njano, yenye kivuli kidogo: si ya kisasa, lakini bibi anaisoma bila miwani.

Wiki ile ile nikanunua TV ya chogo ya inchi 21 iliyotumika na deki ya bei poa kuliko zote dukani. Si deki nzuri, nasisitiza. Nilitaka ile ile wanayoinunua wateja wangu. Nikaviweka mezani kando ya kompyuta, na hakuna DVD iliyotoka dukani bila kupita hapo.

Pale mezani ndipo yalipojitokeza mengine. Diski moja ilitoa picha isiyo na rangi, inapanda juu kama pazia linalovutwa: programu ilikuwa imechagua NTSC ya Wamarekani, fremu 29.97 kwa sekunde, wakati sisi tulikuwa PAL, fremu 25, tangu televisheni ya rangi ya Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi vituo vya Bara vilivyoanza 1994. Nyingine ilikuwa na rangi safi, lakini akina mama wakiserebuka ukumbini walionekana kurudi nyuma nusu hatua kila wanapokwenda mbele. Hiyo ni mistari kuanza kinyume. Kanda ya DV huanza na mstari wa chini, na programu ilikuwa imeandika juu. Unabadilisha neno moja, wanaserebuka vizuri.

Halafu hesabu ya nafasi. Diski ya kawaida inaandikwa gigabaiti 4.7, kompyuta inaiona kama 4.37 kwa sababu zinahesabu tofauti. Ni megabiti 37,600 hivi. Harusi ya saa mbili ni sekunde 7,200. Gawanya, unapata megabiti 5.2 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Sauti isiyobanwa inachukua 1.5 peke yake, karibu theluthi ya posho yote, kwa ajili ya kelele za ukumbi! Sauti ya Dolby inachukua 0.2 na hakuna mteja aliyewahi kunilalamikia. Na hata harusi ikiwa fupi, mimi sizidishi 7, kwa kuwa deki za bei poa zinasoma diski za kuchoma kwa taabu na zikilemewa zinagandisha picha, tena mara nyingi pale pale kwenye keki.

Kuchoma nako nikapunguza kasi, 4 au 8 badala ya 16 iliyoandikwa kwenye kifuko. Stika za karatasi nikaziacha, zinaifanya diski iyumbe ikizunguka. Mgawo wa umeme wa 2011 ulinifundisha kurenda, yaani kuiachia kompyuta itengeneze video kamili, usiku, maana kurenda kulichukua muda mrefu kuliko harusi yenyewe, na umeme ukikatika unaanza upya. Bwawa la Nyumba ya Mungu tunalo hapa bondeni, lakini maji yake yanakwenda gridi kama ya wengine, nasi tunakaa gizani kama wengine.

Nilipokwisha kuielewa programu mpya, dunia ikaiacha DVD. Adobe walipohamia Creative Cloud mwaka 2013 hawakutoa toleo jipya la Encore, programu yao ya kutengenezea diski. La mwisho likabaki lile la CS6 la 2012. Kompyuta mpakato zikaanza kuuzwa bila kisomeo. Siku hizi bwana harusi anataka flashi, na kipande cha dakika moja cha WhatsApp kabla hajatoka ukumbini. Sina ugomvi na hilo. Lakini naona watu wanakuja na diski zao za zamani zimepauka, na nyingine hazisomeki tena.

Ndugu msomaji, kama una DVD ya harusi ya wazazi au ya mazishi ya babu, usiiache dirishani wala juu ya kabati la bati kwenye joto hili la Same. Diski za kuchoma zimepakwa rangi, na rangi huisha kwa jua na joto. Mtafute fundi mwenye kisomeo kinachofanya kazi, mwambie anakili folda lote la VIDEO_TS kama lilivyo, asilibane kwanza liwe la simu. Weka nakala mbili, moja kwako, moja kwa ndugu anayekaa mbali. Fanya hivyo kabla ya Desemba, kwa sababu Desemba hutatupata.