Kibanzi cha Kikombe

Nyumbani kwetu Tukuyu, ambako ukungu wa Mlima Rungwe hushuka hadi mlangoni, kikombe cha chai ya moto ni nusu ya blanketi. Mama alikuwa na kimoja cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu. Siku moja kilimponyoka mdogo wangu, kikabanduka ubavuni. Akachapwa. Mimi niliokota kibanzi, nikakificha ndani ya kiberiti, nikanyamaza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa sayansi, nilikiweka kibanzi kile chini ya hadubini, nikakimulika kwa taa kutoka juu.

Tunakiita kikombe cha bati, lakini weupe ule ni kioo. Kiwandani unga wa kioo huyeyushwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Tabaka la chini, jeusi, mara nyingi hutiwa kobalti ili lishikamane na chuma. Jeupe hufuata juu yake. Vikipoa, chuma husinyaa zaidi kidogo kuliko kioo, kikakibana. Kubanwa huko ndiko nguvu yake, kwani kioo huvumilia kubanwa, hakivumilii kuvutwa.

Upande wa juu wa kibanzi niliona nyufa nyembamba kama nywele. Nilipokigeuza, niliona vishimo vya mapovu na, kuzifuata nyufa zile, madoa ya kutu. Kioo hakishiki kutu. Kutu ile ilitoka kwenye chuma, wakati vilipokuwa bado vimeshikana. Basi maji yalikuwa yamekwisha kupenya kabla kikombe hakijaanguka.

Nami nilijua ni lini. Majuma machache kabla ya siku ile nilichemshia maziwa kikombeni juu ya makaa, nikasahau, yakakauka. Kwa hofu nilikitumbukiza kikombe kwenye ndoo ya maji baridi. Kioo cha juu kikapoa ghafla, kikataka kusinyaa, kilicho chini kikakizuia. Kikavutwa, kikapasuka. Mdogo wangu alimalizia tu nilichoanza.

Tumezoea kumlaumu aliyekuwa ameshika kitu kilipovunjika, kwa kuwa mlio tuliusikia. Ufa wa kwanza haukupiga kelele.

Likizo iliyofuata nilimpelekea kile kiberiti, nikamweleza yote. Alikitazama kibanzi, akanirudishia.

“Kaka,” akasema, “siku ile nilikuona pale kwenye ndoo.”

Kisha akanimiminia chai.