Kompyuta ya Tatu

Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu. Sisi mafrateri watatu tulipewa kazi ya kuviingiza kwenye kompyuta. Tukaweka seva mbili za PostgreSQL: ile kuu ikizimika, nyingine ishike nafasi.

Siku moja kebo inayoziunganisha ikachomoka. Kila seva ikadhani nyingine imekufa, zote zikajifanya kuu. Majina yakaandikwa huku na kule. Mama mmoja alipokuja kutafuta cheti cha ubatizo cha mwanawe, seva moja ilimwonyesha mtoto, nyingine haikumjua. Tukarudi kwenye kitabu cha karatasi, tukalinganisha jina kwa jina wiki nzima, huku tukilaumiana na kila mmoja akisahihisha kivyake.

Dawa ilikuwa kompyuta ya tatu, kuukuu, isiyotunza jina hata moja. Kazi yake ni kupiga kura tu. Sasa seva haiwi kuu bila kura mbili kati ya tatu. Tulichomoa kebo ya seva kuu makusudi: ilipojikuta peke yake ikaacha kuandika, na kabla ya dakika kupita nyingine ikashika kazi.

Tulidhani uaminifu ni kuendelea na kazi hata ukitengwa. Kumbe wakati mwingine ni kuweka kalamu chini mpaka uwasikie wenzako. Jioni ile tuliombana msamaha.