Tuanze Ukutani



Kompyuta ya mezani iliyozeeka ikikataa kuwaka, hukumu huwa tayari kabla ya uchunguzi: imekufa. Neno hilo ni jepesi kutamka, na mara nyingi si la kweli. Mashine iliyonyamaza haijatuambia kwamba imekufa, imenyamaza tu. Kati ya kimya na kifo kuna hatua nyingi, na kila hatua inaweza kupimwa. Tunapenda kuzitafakari hatua hizo pamoja nanyi, kwa kuwa chama chetu kimezipitia, na kwa kuwa kilichokuwa hatarini kilikuwa kikubwa kuliko mashine.

Kompyuta ya ofisi yetu hapa Bukavu ina umri unaozidi miaka 15, na ilitufikia ikiwa imekwisha kutumika kwingine. Ndani yake mna orodha ya wagonjwa tunaowatembelea, majina ya marehemu tuliowasindikiza, na hesabu za michango. Siku moja kifungo kilibonyezwa, na hapakuwa na jibu: feni haikuzunguka, taa haikuwaka. Katika mkutano uliofuata, pendekezo lilitolewa upesi kwamba tununue nyingine. Bei iliyotajwa ilikuwa dola 300, na fedha za kiasi hicho zilikuwapo mahali pamoja tu: katika sanduku la wagonjwa. Mama anayelitunza sanduku hilo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: “Ndugu zangu, kuna aliyeuliza ukutani?”

Swali lake lilikuwa na maana pana kuliko lilivyosikika. Umeme unaoingia katika nyumba zetu huzaliwa hasa na maji ya Ruzizi, mto unaotoka Ziwa Kivu na kushuka hadi Tanganyika. Kituo cha kwanza cha umeme mtoni humo kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Cha pili, ambacho Kongo, Rwanda na Burundi wanashirikiana, kilianza kazi mwaka 1989. Kutoka mtoni hadi mezani petu, umeme hupita mitambo, nguzo, mita, prizi, waya na vifungo. Njia inaweza kukatika popote katika safari hiyo. Je, ni haki kumlaumu aliye mwisho wa safari kabla ya kuitazama njia?

Aliitwa kijana fundi kutoka Kadutu. Hakuigusa kompyuta kwanza. Alichomeka taa ndogo katika prizi ya ukutani, ikawaka. Akaichomeka katika prizi ya nyongeza iliyolala chini ya meza, ikawaka pia. Akaazima waya wa mashine ya kuchapisha, akauweka mahali pa waya wa kompyuta: kimya. Akatazama nyuma, akahakikisha kwamba swichi ndogo haikuwa upande wa sifuri, na kwamba kile kitufe chekundu cha kuchagua nguvu ya umeme kilisoma 230 wala si 115. Kila alipobadilisha kitu kimoja, alisimama na kujaribu kabla ya kugusa kingine. Mmoja wetu alimwomba aharakishe, abadilishe vyote kwa mara moja. Akajibu: “Papa, nikibadilisha vitatu na mashine ikawaka, hatutajua ni kipi kilichokuwa kigonjwa.”

Ndipo alipofungua ubavu wa kompyuta. Ndani mna sanduku la chuma ambalo mafundi wetu huliita alimantasyo. Kazi yake ni kupokea umeme mkali wa ukutani na kuugawa katika mikondo midogo ambayo mashine inaweza kuivumilia: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Hata kompyuta ikiwa imezimwa, maadamu waya umechomekwa, waya mmoja wa zambarau hubaki ukikesha na volti 5, ukingoja mtu abonyeze kifungo. Kijana aliupima. Kipimo kilionyesha chini ya volti 2. Akaliachanisha sanduku na sehemu nyingine zote, akaliamuru liamke kwa kuunganisha waya wa kijani na waya mweusi, jambo ambalo ni la fundi wala si la kila mtu. Feni haikutikisika. Akaleta sanduku jingine lililotolewa katika mashine iliyokwisha kufa kweli, akaliunganisha. Kompyuta ikawaka.

Gharama yote ilikuwa dola 15. Orodha ya wagonjwa ilikuwamo, majina ya marehemu yalikuwamo, hakuna kilichopotea. Saa peke yake ndiyo iliyosoma tarehe ya miaka ya nyuma, kwa maana betri ndogo ya volti 3, yenye umbo la sarafu, ilikuwa imekwisha. Ilibadilishwa siku ileile. Nazo dola 285 zilibaki katika sanduku la wagonjwa, na baadhi yake zimekwisha kuwa dawa.

Ndugu wapendwa, tumejiuliza kwa nini hukumu ya kifo hutujia haraka namna hii. Labda kwa sababu uchunguzi hudai muda, na kutupa hakudai kitu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si’ wa mwaka 2015, alituonya juu ya utamaduni wa kutupa, unaoanza na vitu na kuishia kwa watu. Sisi wa Kivu tuna sababu ya pekee ya kumsikia. Bati linalounganisha nyaya za kompyuta, dhahabu inayopaka ncha zake, na tantalamu inayotokana na koltani, ni madini ambayo milima yetu inayo, na ambayo ndugu zetu huyachimba kwa jasho, mara nyingi kwa machozi. Kutupa bila kupima ni kulidharau jasho hilo.

Lakini wa kutafakariwa zaidi ni watu. Katika siku hizohizo, mzee wetu mmoja, aliyekuwa msomaji hodari wa Neno, alikuwa amenyamaza. Alikaa nyuma, akakataa kusoma. Sauti zilikwisha kusikika: amezeeka, amechoka, atafutwe mwingine. Mama yuleyule aliomba lisiamuliwe jambo lolote kwanza, akaenda kumtembelea. Alianza kwa yaliyo ya nje. Je, mzee anakula? Analala? Barabara ya mlimani inapitika baada ya mvua? Mwishowe mzee akamwonyesha miwani yake: kioo kimoja kilikuwa kimepasuka, naye aliona haya kusema kwamba hana fedha ya kingine. Kioo kikapatikana.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya kwa mfano mzuri kupita kiasi. Mzee alikuwa na jingine. Mwanawe aliondoka nyumbani miezi mingi iliyopita, na habari zake hazijafika. Kwa hilo hakuna kipande cha dola 15. Mtu si mashine, na maumivu yake hayabadilishwi kama waya. Jumapili nyingine mzee husoma, Jumapili nyingine hukaa nyuma akisikiliza, nasi hukaa karibu naye. Kijana fundi alitufundisha jambo hata hapo, bila kukusudia. Alipoulizwa kwa nini halifungui lile sanduku bovu alitengeneze, alieleza kwamba ndani mna vipande viitwavyo kapasita, ambavyo huhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na vinaweza kumdhuru anayevigusa ovyo. Vivyo hivyo yamo mambo ndani ya mtu ambayo hatujapewa kuyafungua. Hayo ni ya mwenyewe, ya padri wake au daktari wake, na ya Mungu. Sisi tumepewa kuuliza ukutani: chakula, usingizi, barabara, miwani. Si kidogo.

Mtume Mathayo, katika sura ya 12 ya Injili yake, anamtambua Bwana wetu Yezu katika yule mtumishi aliyetabiriwa na nabii Isaya, asiyeumaliza mwanzi uliokwisha kupondwa wala asiyeuzima utambi ufukao moshi. Utambi unaofuka bado una moto. Mwenye haraka huona moshi tu.

Kwa wale wenye kompyuta za umri kama wa yetu, tunaongeza neno la kawaida. Umeme ukikatika, chomoeni waya. Ukirudi, ngojeni dakika chache kabla ya kuuchomeka, kwa maana unaporudi huweza kuja kwa nguvu isiyo sawa. Ondoeni vumbi katika matundu ya feni, kwani joto huzikausha kapasita na kuzizeesha kabla ya wakati.

Na kwa tafakari yetu katika mashirika yetu juma hili, tunapendekeza maswali matatu. Ni nani kati yetu amenyamaza siku hizi? Tumekwisha kusema nini juu yake? Na ni nani atakayekwenda kwake kabla ya mkutano ujao, aanze na maswali yaliyo mepesi?

Mungu atujalie subira.