Simu Imesema Sare, Mimi Je?

Wasee wengi wanacheza chesi kama wanahesabu ng'ombe. Mwenye nyingi ndiye tajiri, kwisha. Kuna jamaa hapa kinyozi ya mtaa, yuko chuo mwaka wa nne, juzi aliniambia nikubali nimeshindwa, nimlipie kunyolewa. Yeye alikuwa amebaki na mfalme, askofu na askari mmoja. Mimi mfalme pekee. Nikamwambia hii ni sare. Kinyozi nzima ikacheka. Akaongeza: "Chuo ilikushinda, sasa unataka kutufunza?"

Nikameza hiyo, nikaanza kumwelezea. Askari wake alikuwa laini ya h, ile ya pembeni kabisa, kwa hivyo ili ageuke malkia lazima afike h8. Huo ni mraba mweusi. Askofu wake alikuwa wa miraba myeupe, na askofu habadilishi rangi mpaka afe. Sasa nani atanitoa h8, na nimeshaikalia? Askari akifika h7, mfalme wake amlinde, mimi nakosa pa kwenda, lakini hakuna anayenipiga cheki. Kwa sheria hiyo ni sare. Askofu mzima na hana kazi!

Hakuna aliyesikiza. Msee mmoja akatoa simu, akapanga zile kete, programu ikaandika sare. Kompyuta zilishamaliza kitambo hesabu za mwisho wa mchezo wenye kete 7 kushuka chini, na yetu zilikuwa 4 tu. Jamaa akasema, "Aah, kama simu imesema, sawa."

Hapo ndipo nilikasirika kweli. Mimi nimetoa sababu, nimeitwa mjuaji. Simu imetoa neno moja bila sababu, imeaminiwa. Nikakataa sare ya simu. Nikamwambia cheza, nishinde kama unaweza. Alijaribu dakika ishirini. Mimi ni h8, g8, h8, g8, kama mlinzi wa geti. Kinyozi alipozima mashine aje kutazama, nikajua wameanza kuelewa.

Na hizi ubishi si za watoto. Julai 1972, Reykjavik, mchezo wa kwanza wa kugombea ubingwa wa dunia, Bobby Fischer alikula askari wa h2 na askofu wake akafungiwa huko. Akapoteza mchezo ule, ingawa taji alikuja kulichukua. Wachambuzi wakabishana miaka na miaka kama bado angeweza kupata sare. Walipanga ubao upya, hatua kwa hatua, kila mtu na ushahidi wake. Hiyo ndiyo chesi ninayopenda.

Sasa nyinyi. Panga ubao uleule, lakini askofu awe wa miraba myeusi. Bado ni sare? Nataka sababu, na simu weka mfukoni.