Saini hukagua baiti, si maana

Nimekuwa kimya kwa muda, na leo nimerudi na kisa cha kuniaibisha. Heri nikiandike, kisije kikakupata na wewe.

Mimi nakaa Kitale. Mwaka jana nilimwandikia programu mama mmoja mwenye duka la mbolea na mbegu mjini Bungoma. Mteja akilipa kwa simu, kampuni inayopokea malipo hutuma ujumbe kwa seva yetu, simu ya dukani inaonyesha "IMELIPWA", na kijana anapakia mifuko.

Seva itajuaje kwamba ujumbe umetoka kwa kampuni, si kwa mjanja fulani? Hapo ndipo saini ya kidijitali inapoingia. Kampuni hutia saini kwa ufunguo wake wa siri, sisi tunakagua kwa ufunguo wa umma. Hesabu yenyewe ni RSA, ya tangu 1977, na Node.js inayo tayari:

crypto.verify('sha256', mwili, ufunguoWaUmma, saini)

Jibu ni true au false, basi.

Kwenye majaribio yangu kila kitu kilipita. Siku ya kuanza kazi: false, false, false. Ilikuwa Machi, watu wanajiandaa kupanda, foleni imefika nje. Mama akanipigia: "Mwanangu, watu wamelipa na hii kitu inakataa." Nikazima ukaguzi. Nikajiambia nitaurudisha jioni. Jioni mama akanishukuru, nami nikasahau.

Siku ya tatu nikakumbuka. Nikiwa Kitale nikatuma ujumbe wa uongo wenye jina langu: shilingi 12000, mifuko miwili ya DAP, bila saini yoyote. Muda si muda mama akapiga: "Mwanangu, mzigo wako uko kwa boda. Upelekwe wapi?"

Sikuwa nimelipa hata ndururu. Nikamwambia ukweli. Akanyamaza, kisha akauliza: "Na hizi siku tatu?"

Nikapanda matatu, nikapitia Webuye hadi Bungoma. Tulikaa mpaka jioni tukilinganisha kila risiti na taarifa ya benki. Ashukuriwe Mungu, zote zililingana. Lakini swali lile bado ninalisikia.

Kosa lilikuwa wapi? Programu yangu ilifungua ujumbe kwa JSON.parse, kisha ikauandika upya kwa JSON.stringify ndipo ikague. Kampuni ilitia saini 7000.00, mimi nikakagua 7000. Kwetu ni pesa ileile, ila kwa saini ni ujumbe mwingine kabisa, kwa sababu saini hukagua baiti, si maana. Majaribio yalipita kwa kuwa ujumbe niliuunda mwenyewe kwa stringify ileile. Nilijisahihishia mtihani!

Dawa: shika mwili wa ujumbe ukiwa mbichi, kwenye Express tumia express.raw, kagua saini kwanza, ndipo ufungue JSON. Pia hifadhi namba ya kila muamala, kwa maana ujumbe halali ukitumwa mara ya pili saini yake bado itapita.

Na ukaguzi ukikataa, usiuzime. Afadhali foleni ingoje huku mama akihakikisha malipo kwa macho yake, kuliko seva kuamini kila anayebisha hodi.

Haya, tuonane tena panapo majaliwa.